Chupa Kumi na Mbili za Saa Tatu

Wenzake walimwita Saa Tatu, maana saa tatu kamili asubuhi, iwe Jumapili, iwe mvua ya kufa mtu, utamkuta maabara akiwahamisha bakteria wake. Tone moja kutoka chupa ya jana, kwenye chupa mpya yenye chakula. Chupa kumi na mbili, miaka tisa, ili wakubwa waone jinsi vijidudu vinavyobadilika kizazi hadi kizazi. "Ukiruka siku moja," profesa alimwonya alipoajiriwa, "umetuulia kazi yote." Naye, maskini, akalimeza neno hilo zimazima.

Akiugua homa, alihamisha huku anatetemeka. Mlinzi wa getini alimtania, "Dada, wanao wameshakula?" Alicheka. Alikuwa akijivunia, jamani, tusimfiche.

Mwaka juzi mdogo wake akapiga simu: mama amezidiwa, njoo. Safari ni siku nzima kwenda, siku nzima kurudi. Akaomba ruhusa.

"Nani atahamisha?" profesa akauliza, macho kwenye kompyuta.

Hakukuwa na mtu. Akabaki. Habari ya msiba ilimkuta Alhamisi, glavu mkononi, yuko chupa ya tisa. Akamaliza zote. Mazishi nayo yakampita, na tangu siku hiyo mdogo wake hakumpigia tena wala kupokea simu zake.

Sasa Ijumaa iliyopita, profesa huyohuyo kaingia mbiombio, anamwoza binti yake.

"Kesho na keshokutwa usije huku, utanisaidia kupokea wageni. Chupa tia kwenye friji, tutaendelea Jumatatu."

"Hazitaharibika?"

"Ziharibike na nini? Vijidudu vinalala tu humo. Kabla hujaja tulikuwa tunafanya hivyo kila likizo."

Akaenda zake, anapiga mluzi! Saa Tatu akazipanga chupa kwenye friji, akafunga mlango. Kazi ya dakika moja. Akashuka ngazini kumpigia mdogo wake, na safari hii akapokea.

"Kumbe ningeweza kuja," alisema, akamweleza habari yote ya friji, huku analia.



"Dada, mama aliuliza mara tatu kama umefika. Mara ya tatu nikamdanganya. Nikamwambia umefika, unanawa mikono."