Leso ya Mwalimu wa Matamshi

Mwalimu wetu wa matamshi hukaa kiti cha mwisho kabisa ukumbini, ametupa kisogo, anamenya chungwa lake taratibu. Sisi waigizaji tunasimama jukwaani, kila mtu kauma kizibo cha chupa ili ulimi ujifunze kutamka, mate yanatuchuruzika kama watoto wanaoota meno. Neno lisipomfikia, hasemi kitu. Huinua leso nyeupe juu ya bega, na aliyemeza silabi huanza upya. Akizungumza yeye, hata nukta unaisikia.

Jana leso ilikuwa imepanda mara ya kumi na moja simu yake ilipolia. Alikuwa mama yake, na sauti ya mama huyo haihitaji spika. "Umekula, baba?" Mwalimu akajikunyata kitini. "Mmh, nshakula, ma," akanong'ona, midomo haikuachana. Hatukuambizana. Alipogeuka kuona kama tumesikia, alikuta sote tumempa kisogo, na juu ya mabega yetu tumeinua vitambaa, karatasi za mchezo, hata soksi moja. Tukasikia kiti kikilia. Akasimama, akavuta pumzi mpaka tumboni, kama anavyotufundisha. "Ni-me-ku-la, ma-ma!" Madirisha yakaitika. Mama akauliza, "Sasa mbona unanifokea?"