Baiti Nane kwa Pigo Moja

Siku yangu ya kwanza kazini, katika ofisi yetu ndogo pale Mirongo, Mhandisi Mkuu aliniuliza swali moja tu.

"Binti, kompyuta inajuaje kwamba vitu viwili vinafanana?"

"Inavilinganisha, mzee."

"Inavilinganishaje?"

Akanionyesha kiti. "Kaa hapo. Ukipata jibu, utakuwa umeijua kazi yetu."

Kazi yenyewe ilikuwa kuandika programu za mitambo ya uokoaji ziwani. Kila chombo kilichosajiliwa kilikuwa na kifaa cha kutuma ishara ya redio, na ndani ya ishara kulikuwa na utambulisho wake wa herufi na tarakimu kumi na sita. Programu iliulinganisha na orodha iliyo kwenye kumbukumbu ya kompyuta ili tujue ni nani anaita. Ziwa likitulia, hapakuwa na shida. Upepo ukivuma, vyombo viliita kwa pamoja, na mtambo uliozidiwa ulitupa ishara bila kuzisoma.

Baadaye nilihamishiwa kituo cha uokoaji cha Nansio, kisiwani Ukerewe. Mkuu wa Kituo, nahodha wa zamani, hakujua programu ila alilijua ziwa. Alasiri moja ziwa lilichafuka, mtambo ukazidiwa, ukaitupa ishara ya mtumbwi uliopinduka. Watu sita waliokolewa na wavuvi waliopita pale kwa bahati tu. Mkuu alirudi kutoka ufukweni suruali imelowa hadi magotini, akasimama mlangoni.

"Mwanangu, wale watu walituita. Hatukuwasikia."

Sikula siku ile. Nilianza kupima muda unapotelea wapi, nikakuta karibu wote unaliwa na kipande kimoja kifupi cha programu, kile cha kulinganisha. Kilisoma baiti moja moja, yaani herufi moja moja, wakati prosesa yetu, ubongo wa kompyuta, iliweza kubeba baiti nane kwa pigo moja. Tulikuwa na beseni zima, tukihamisha dagaa mmoja mmoja.

Nikaandika upya, baiti nane nane. Programu ikakimbia kwa siku mbili, kisha ikazimika kabisa. Nikampigia Mhandisi Mkuu.

"Ishara iliyokatika njiani ina baiti ngapi?" akauliza.

"Tano, pengine sita."

"Nawe unasoma nane. Ulipima urefu kwanza?"

"Hapana, mzee."

"Basi umekosea haraka kuliko zamani."

Alicheka, mimi sikucheka. Nilikuwa nasoma kupita mpaka wa kumbukumbu niliyoruhusiwa. Niliweka kipimo cha urefu mwanzoni, na katika kuchungulia orodha nikaona jambo jingine: utambulisho wa vyombo vyote vya Ukerewe ulianza na herufi nane zilezile. Tofauti ilikuwa mkiani. Nikaamuru programu ianze na nusu ya mwisho. Kwa kila chombo kisichohusika, pigo moja lilitosha kukiondoa.

Wiki chache baadaye upepo ulirudi, mkali kuliko ule wa kwanza. Ishara zilimiminika kwenye kioo, nami nikahesabu zilizotupwa: hakuna hata moja. Katikati ya ishara hizo iliita boti iliyobeba akina mama waliotoka kliniki, injini imekufa, maji yanaingia. Chombo cha uokoaji kikawafikia wote wakiwa hai. Mkuu wa Kituo alivua kofia yake ya unahodha, akanivisha.

Miaka yangu ya mwisho nilifundisha chuoni Misungwi, nikawafanya vijana wapime kwanza ndipo waguse. Nilistaafu nikiwa na afya na jina safi.

Juzi mhandisi kijana wa Nansio alinipigia simu. "Shikamoo mama. Tumeleta mitambo mipya. Ile programu yako tumeifuta. Nimeona nikuambie mwenyewe, usije ukasikia kwa watu."

"Marahaba, mwanangu. Mpya inatupa ishara?"

"Haitupi, mama."

"Basi futa kwa amani," nikamwambia. "Mmoja wa wale akina mama alijifungua mwezi uleule. Mtoto wake sasa ni nesi, na ndiye anayenipima presha."