Goti la Mjomba Linakwenda Marekani

Mimi nilipewa magoti. Ndivyo tulivyosema ofisini kwetu Sundbyberg, huku Sweden, tulipokuwa tukilibadilisha gari la mizigo la Ulaya, lile refu lenye mlango wa kuteleza ubavuni, ili likauzwe Marekani. Mwenzangu mmoja alishika taa, mwingine vioo, nami nikaachiwa sehemu ya chini ya usukani, pale magoti ya dereva yanapojigonga gari likipata ajali.

Nikadhani nimepata kazi laini. Thubutu! Sheria za kule zilidai gari libamizwe ukutani huku sanamu ya dereva ikiwa haijafungwa mkanda. Wamarekani wanajua wapo watu wasiofunga, na hao nao wanataka wapone. Mfuko wa hewa ukinge kifua, na dashibodi ipokee magoti bila kuyavunja.

Wenzangu Wasweden hilo halikuwaingia akilini kabisa. Huku mtoto anafungwa mkanda kabla hajajua kusema mama.

"Lakini nani anaendesha bila mkanda?" kiongozi wetu aliuliza tukinywa kahawa. Ni mwanamke mpole, sijawahi kumsikia akipandisha sauti.

"Mjomba wangu," nikajibu.

Wakacheka. Mimi sikucheka. Mjomba ndiye aliyenilea Morogoro na kunisomesha, kwa kuendesha gari la mikate. Akimwona trafiki, aliuvuta mkanda kifuani kwa mkono, akishampita, anauachia. Siku alipolivaa lori lililoharibikia barabarani, kifua kilipona, lakini goti lilisagika kwenye dashibodi. Mpaka leo anachechemea, na udereva ndio ukaishia hapo.

Basi nikawa nachora goti lile. Nikaweka povu gumu, na nyuma yake bati la kujikunja taratibu. Jaribio la kwanza likashindwa, la pili nalo likashindwa. Wakubwa wakasema wazi kwamba likishindwa tena, sehemu yote ya dereva inapelekwa kwa kampuni ya huko huko Marekani, na mkataba wangu unaishia hapo. Lilikuwa limebaki gari moja tu la kubamiza. Haki ya Mungu, nilikuwa naota magoti.

Siku ya siku tukasimama nyuma ya kioo kinene cha maabara. Fundi wa pale, mzee mmoja mtaratibu, aliikalisha sanamu, akaipaka rangi magotini ili tuone yatagonga wapi, akarudi kwetu. King'ora kikaanza kulia. Nikatupia jicho skrini kuyaaga magoti yangu, na hapo ndipo nilipouona mkanda. Umefungwa! Mkono wa yule mzee, kwa mazoea ya maisha yake yote, ulikuwa umeifunga sanamu vizuri kabisa. Na sisi wengine tuliopita kuikagua, hata mimi mwenyewe, tuliona sawa tu, maana hapa mtu akifungwa mkanda ndiyo kakaa sawa.

Jaribio lingekuwa batili, gari la mwisho limekufa bure, na mimi nimekwisha. Ofisini kwetu hakuna anayemkatiza mwenzake. Unainua mkono, unasubiri zamu yako. Zamu gani, jamani!

"Simamisheni! Ifungueni mkanda!" nikapiga ukelele, kwa Kiswahili.

Hakuna aliyeelewa hata neno, lakini mzee alishtuka akabonyeza kitufe. King'ora kikanyamaza. Nikamwonyesha skrini, uso ukamwiva. Akaenda kuifungua ile sanamu, na kabla ya kuiacha akaipapasa bega kama anayeiomba radhi.

King'ora tena. Kishindo kikatutikisa mpaka miguuni. Kiongozi wetu akainama kwenye kompyuta, akasoma, akasoma tena, mimi nimejishika kifua.

"Magoti yamepona," akasema. "Yote mawili."

Wee! Nilipiga vigelegele ambavyo maabara ile haijawahi kuvisikia. Mzee akanikumbatia. Kiongozi wetu naye akajaribu kigelegele, kikamtoka kama birika linalochemka, tukacheka hadi machozi.

Kwenye treni ya kwenda nyumbani Vårby gård nilimpigia mjomba. Abiria wa huku hukaa kimya, lakini siku hiyo nilijisemea wanisamehe tu.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Mbona unahema hivyo?"

Nikamsimulia yote, tangu povu mpaka kishindo.

"Kwa hiyo mkaidi kama mimi huko Marekani atagonga, halafu?"

"Halafu atashuka mwenyewe, mjomba. Atatembea."

Nikamsikia akivuta pumzi ndefu.

"Na goti ulilolichora ni hili langu?"

"Hilo hilo, mjomba."

Hakuniaga. Nilimsikia akichechemea kuelekea uani, simu ikiwa bado hewani, akimwita mkewe kwa sauti yake yote: "Mama wee, njoo usikie! Goti langu linakwenda Marekani!"