Mlango Usiokuwa Wangu

Mwaka wangu wa pili wa kusomea uchoraji tulipewa kazi ya kuchora njia ya kutoka nyumbani hadi darasani. Wenzangu walikwenda kupiga picha kwa simu. Mimi kwetu Malindi, mtaa wa humu humu Mji Mkongwe wa Unguja, na njia ile nimeipita tangu nabebwa mgongoni. Picha ya nini? Nilisimama mbele ya turubai, nikafumba macho, nikaanza kwenda kwa mkono. Pale kichochoro kinapobana, hata ukikutana na mtu mwenye ndoo lazima mmoja ajibanze ukutani, nililibana bega na brashi ikapita kiubavuubavu. Penye ngazi mbili zilizolika nilikunja magoti. Kwenye kona ya muuza urojo mkono ulizunguka wenyewe. Nilipofumbua macho hapakuwa na nyumba hata moja, mistari tu, lakini kila mstari nilijua ni wapi.

Mwalimu wetu, mtu mzima anayeheshimika mjini, alikuwa kasimama nyuma yangu.

"Bi mdogo, hii nini?"

"Njia ya kwetu, Mwalimu."

"Mji Mkongwe usio na mlango?"

Alininyang'anya brashi, akachora mlango wa nakshi katikati ya turubai yangu, na misumari yake ya shaba, kama ile ya kwenye picha wanazouziwa watalii. Alichora vizuri, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Aliuweka juu ya kile kichochoro chembamba, mahali pasipokuwa na hata dirisha. Darasa zima linatazama. Nami nikasema, "Ahsante, Mwalimu." Mpaka leo neno lile linanikera.

Matokeo yalipobandikwa, nilikuwa wa kwanza. Nikamfuata ofisini.

"Shikamoo, Mwalimu. Nnaomba unifutie alama zile."

"Marahaba. Una wazimu? Wenzako wanazililia."

"Umeupa alama mlango. Mlango si wangu."

Alicheka, akaniambia nikikua nitaelewa.

Nilirudi darasani. Rangi ilikuwa imeshakauka, kwa hiyo niliukwangua mlango kwa kisu mpaka kitambaa kikaonekana, kisha nikaipita tena njia yangu kwa bega. Nikampelekea. Alinipa alama ya kufaulu kwa shida, kwa wino mwekundu, bila ya kuniangalia usoni.

Alama hiyo ndiyo niliyomaliza nayo chuo. Akipita barazani kwetu namwamkia, maana ni mkubwa wangu. Kumsamehe, sijamsamehe.