Makofi kwa Kaka Yangu

Siku kaka yangu alipotaka kumuua mkewe, watu kama mia mbili walimpigia makofi.

Sitanii. Nilikuwa hatua nne tu kutoka alipokuwa.

Ilikuwa hivi.

Mimi ni fundi mashine kwenye kiwanda cha uchapaji. Jumamosi nacheza maigizo na kikundi chetu. Anayetuongoza ni mama mmoja mstaafu aliyefundisha fasihi maisha yake yote, tunamwita Mwalimu. Shemeji yangu, mke wa huyo kaka, ni fundi cherehani. Naye alijiunga, ila kimyakimya. Kaka hakujua.

Tamthilia yenyewe ilihusu mwanamke anayepigwa na mumewe. Shemeji akapewa kucheza mke. Mimi nikapewa Jirani, mwenye sentensi moja tu: "Mimi sikusikia kitu."

Nikafurahi. Nikariri nini sasa?

Lakini Mwalimu hakuruhusu mtu apande jukwaani kabla hatujamchambua kila mhusika kwa maneno yake mwenyewe.

"Haya, Jirani ni mtu wa namna gani?" akaniuliza.

"Mpole, Mwalimu. Hapendi ugomvi."

"Umeyatoa wapi hayo? Nionyeshe kwenye maneno yake."

Nikageuza karatasi yangu huku na huku. Wenzangu wakacheka.

Shemeji alikuwa anashona pindo la vazi lake. Hakuinua hata kichwa.

"Mke kasema 'Jirani!' basi," akasema. "Hajamuuliza kama amesikia. Asiyesikia angeuliza kuna nini. Huyu kakimbilia kukana."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo amesikia, Mwalimu. Ni mwoga tu."

Masikio yaliniwaka moto. Maana tuliishi nyumba moja, chumba changu na chao ukuta mmoja. Miaka minne nilisikia kila kofi. Nilichofanya ni kuongeza sauti ya redio. Kaka ndiye aliyenisomesha baba alipofariki. Ningeanzia wapi?

Siku ya onyesho ikafika. Alasiri, ukumbi umefurika hadi madirishani.

Tuko katikati ya mchezo, kaka akaingia kwa mlango wa pembeni. Sijui nani alimtonya. Akapanda jukwaani moja kwa moja, akamkamata mkewe nywele, akampigiza uso mezani.

Paa!

Ukumbi ukalipuka. Makofi, miluzi. "Jamaa noma huyo!" mtu akapiga kelele. Aliyecheza mume, fundi viatu wa watu, akabaki kaduwaa na mkanda wake mkononi.

Kaka akamshindilia teke la mbavu. La pili. La tatu nikasikia mfupa ukilia. Shemeji akatambaa hadi miguuni kwangu, mdomo umejaa damu.

"Jirani!"

Jamani, sijui niwaambieje. Ulimi ulienda wenyewe.

"Mimi sikusikia kitu."

Makofi tena.

Kaka akanyanyua stuli, akakilenga kichwa cha mkewe. Hapo ndipo akili iliponirudia. Nikamrukia. Stuli ikanivunja mkono wa kushoto. Nikamng'ata bega, tukaporomoka wote hadi chini ya jukwaa, nikamgongesha kichwa sakafuni mara sijui ngapi. Mwalimu akapanda juu akipayuka, "Siyo maigizo! Jamani, siyo maigizo!"

Ukumbi ukanyamaza ghafla, kama umemwagiwa maji.

Kesi ikaenda mahakamani. Wakili wa kaka akaja na video ya mtazamaji.

"Mteja wangu alikuwa anaigiza," akasema bila aibu. "Sikilizeni makofi. Na mdogo wake huyu, mbona anaendelea na maneno yake kama kawaida? Hiyo ilikuwa ajali ya jukwaani."

Mama akanivuta koridoni.

"Mwanangu, wewe sema mlikuwa mnaigiza. Utamfunga ndugu yako wa tumbo moja?"

Nikaingia kizimbani na plasta yangu mkononi, nikayamwaga yote.

"Ulijuaje kwamba si maigizo?" wakili akanibana.

"Kilio kile nakijua. Nimekisikia miaka minne, na sikuwahi kusema."

Kaka akafungwa miaka saba. Mama mpaka leo hapokei simu yangu.

Tulipotoka nje, shemeji akanifuata, anatembea kashika ubavu. Nikajua anakuja kunishukuru. Naungama, nilikuwa nishaandaa la kumjibu.

"Shemeji, siku ile mlipoambiwa nimeteleza bafuni, mimba ikatoka. Ulikuwa nyumbani?"

Nikatazama viatu vyangu.

"Nilikuwepo."

"Nilijua."

Hakupaza sauti. Hakunitukana. Akavuka barabara, na sijamwona tena.

Mtaani wananiita shujaa. Kila wakiniita hivyo nahesabu umri ambao yule mtoto angekuwa nao.

Wewe unayesoma hapa, ukienda kubisha hodi kwa watu wanaopigana utaambiwa una kiherehere. Utapoteza hata ndugu. Bisha hodi hivyo hivyo, na ubishe leo.