Santuri Zilizosuguliwa kwa Majivu

Siku yangu ya kwanza kazini, Kibondo, bosi alinipa santuri na kitambaa, akaniuliza, "Hii tuiuze bei gani?" Nikamwambia sijui. Akasema, "Vizuri. Anayejua haraka hunitia hasara."

Duka lilikuwa la redio mbovu na vitu vya zamani. Bosi, mtu wa pwani aliyehamia huku kitambo, alikusanya santuri vijijini na kuwauzia wateja wake wa Dar. Nyie mnaosikiliza muziki kwenye simu, santuri ni ile sahani nyeusi yenye mistari myembamba. Sindano ikipita humo, wimbo unatoka. Kuipima, unaiinamisha kwenye mwanga wa dirisha, mikwaruzo inajionyesha yenyewe. Halafu unatazama lebo, ile karatasi ya katikati, kisha jaketi, ile bahasha ngumu inayoihifadhi.

Kilichonishangaza ni kwamba nyimbo zilizopendwa sana hazipati bei nzuri. Kila mtu alizinunua, zikapigwa kila harusi mpaka zikachakaa. Mteja anatafuta ile ambayo haikupendwa, iliyokaa kwenye jaketi bila kuguswa.

Nilipojifungua, bosi alinihamishia duka la Kasulu. Huko nikapewa sheria. "Hatununui moja moja, binti. Tunabeba boksi zima. Usitoe santuri mbele ya mwenye nyumba. Ukizitoa, na yeye ataanza kuzitazama."

Ndipo tukaenda kijiji cha Titye kwa bibi mmoja mjane, familia yake ilitoka Burundi, sasa ni raia. Nyumba yake ilikuwa inavuja, alitaka mabati kabla mvua hazijaanza. Bosi alikuwa amempigia simu: "Bibi, zisafishe kidogo, tunakuja."

Sasa mama wa huku ukimwambia asafishe, mgeni anakuja, atafanya nini? Atasugua kama sufuria. Tulikuta santuri zimeegemezwa ukutani, zimesuguliwa kwa majivu na gunzi la mahindi mpaka zimepauka.

"Nilianza na alizozipenda marehemu," bibi akasema. "Mkono ukachoka. Hizo zilizobaki kwenye boksi hata yeye hakuzipiga. Alizinunua tu kumsaidia Mkongo mmoja wa kambi ya wakimbizi aliyekuwa anauza vitu vyake."

Bosi akachungulia ndani ya boksi, akalifunika upesi. "Umeziua, bibi. Lakini nimeshachoma mafuta ya pikipiki. Nitabeba zote na hilo boksi, nikupe hela ya debe la mahindi."

Bibi akatazama paa lake. "Basi, bwana. Nifanyeje."

Mwanangu alikuwa mgongoni, mimi hasira zimenijaa. Nikakaa chini, nikafungua boksi, nikatoa ya kwanza.

"Bibi, njoo kwenye mwanga. Unaona mkwaruzo?"

"Sioni."

"Na hii?"

"Sioni, mwanangu. Kwani hizi ndizo nzuri?"

"We binti, umeajiriwa na nani?" bosi akauliza.

"Na wewe. Na wewe ndiye uliyemwambia azisafishe. Haya, mwambie hii unaiuza Dar bei gani."

Bibi akafunika boksi, akalikalia. "Sema, bwana. Mimi sina safari."

Walivutana mpaka mbuzi wakarudi zizini. Bosi alilipa hela ya mabati, kwa sababu mteja wake alikuwa anangoja na hakutaka kurudi mikono mitupu. Zile zilizosuguliwa bibi hakuzitoa hata bure. "Hazitaimba tena," alisema, "lakini ni zake."

Tulirudi Kasulu. Dukani bosi akanyoosha mkono, nikampa ufunguo. Ndivyo nilivyostaafu, mwanangu hajaanza hata kutambaa.

Sasa nauza maharage sokoni. Watu wananiuliza kama najuta, nami nawauliza wao kama paa lao linavuja. Wengine wananiletea santuri za wazazi wao, nazitazama bure maana hamu ya kuzijua haijaniisha. Nawaambia msizisugue, msizianike juani, na mnunuzi akitaka boksi zima, mpeni kiti, mtoe moja moja mbele yake. Akikasirika, endeleeni kutoa.