Chawa wa Ningu wa Mto Malaba

Katika miaka ya sabini kazi yangu ilikuwa kukagua samaki wa mto. Tajiri mmoja alikuwa amechimba mabwawa ya kufugia samaki aina ya ngege kando ya Mto Malaba, na ofisi yetu ilitaka kujua kama mabwawa hayo yanawadhuru samaki wa asili. Nilivua mtoni, upande wa juu wa mabwawa na upande wa chini, nikichunguza mashavu na mapezi kwa kioo cha kukuzia.

Upande wa juu, ningu, samaki wa asili wa mto huo, walikuwa safi. Chini, pale mfereji wa mabwawa ulipomwaga maji mtoni, walijaa chawa: vidude bapa vilivyong'ang'ania ngozi mpaka ikatoka vidonda. Ngege wa bwawani niliowakuta kwenye mfereji walikuwa na chawa haohao.

Nilimweleza mkubwa wangu. Akaenda kuzungumza na tajiri, akarudi na uamuzi: wanawake wanaouza samaki wa mto wakatazwe.

"Na mabwawa?" nikauliza.

"Mabwawa ni maendeleo, dada."

Siku ya soko alinipeleka sokoni Malaba. Mjane mmoja niliyezoea kununua kambare kwake alikuwa amepanga ningu juu ya majani ya mgomba. Mkubwa alinipa kopo la mafuta ya taa, akaniamuru niwamwagie. Nikakataa. Akaninyang'anya kopo, akamwaga mwenyewe.

"Hii samaki iko na ugonjwa, mama."

"Ugonjwa gani? Nani amekufa?"

"Hakuna!" nikasema kwa sauti, soko zima lisikie. "Hao chawa hawamdhuru mtu. Ukiparua samaki na kumpika, wameisha. Wametoka kwenye mabwawa ya tajiri!"

Mkubwa aliniambia ninyamaze. Nilikuwa nimeshasema. Mjane aliwakusanya ningu wake, wakinuka mafuta, akajitwika karai na kushika njia ya kwa tajiri. Wauzaji wenzake wakamfuata, nami nikawafuata. Akawamwaga samaki wale mlangoni.

Tajiri akatoka mbio. "Nani amewatuma?"

"Wewe ulitutumia chawa," mjane akamjibu. "Tumekurudishia."

Kisha wanawake wakashuka mtoni, wakaziba mfereji kwa mawe na matope. Maji yalipoanza kupanda na kumega kingo za mabwawa, tajiri alilainika. Mfereji ulipozibuliwa aliyakausha, akayatia chokaa ya kuua chawa, na akaweka wavu kwenye mfereji ili ngege wasitokee mtoni.

Mimi nilihamishiwa Busia kupiga chapa barua. Siku zangu za mapumziko nilirudi mtoni na kioo changu, na polepole nikaanza kuwapata ningu wasio na chawa hata chini ya mfereji.

Kisha paliitishwa baraza. Mkubwa wangu akasimama, akapigiwa makofi kwa kuuokoa mto. Mjane alikuwa amekaa chini nyuma kabisa, na hakuna aliyemtaja, sembuse kumwomba radhi. Soda zilipoanza kugawanywa, nilimshika mkono tukaondoka.